Kabla ya boti, tafuta bwawa

KILA dirisha la usajili likifunguliwa, hatukosi timu inayoshusha straika kwa mbwembwe. Video ya mabao yake inasambaa, mashabiki wanajaa uwanja wa ndege, jezi zinauzwa. Ligi ikianza ndipo inagundulika kwamba timu haina winga wa kupiga krosi, na jamaa anayetegemea kichwa anabaki kukimbia bure. Ikifika dirisha dogo anakatwa. Pesa imekwenda na bao hakuna.

Nimekumbuka hilo wiki iliyopita baada ya binamu yangu anayeishi Hamburg, Ujerumani, kunirushia video usiku wa manane. Haikuwa ya Bundesliga. Ilikuwa boti ndogo ya remoti, urefu kama mita moja, inayoruka juu ya maji kwa mlio wa kutoboa masikio. Chini aliandika: "Kaka, nimedunduliza mwaka mzima. Nanunua hii niingie mashindano. Unasemaje?"

Mimi ni mtu wa soka, lakini swali la mdogo wako hulitupi. Nimezama huko siku kadhaa na nimerudi na jibu ambalo shabiki yeyote wa Simba au Yanga atalielewa. Huyu dogo anataka kusajili mchezaji kabla hajajua anacheza ligi gani.

MCHEZO WENYEWE UKOJE

Boti anayoitaka inaitwa haidropleni. Boti ya kawaida inapasua maji, hii inakimbia juu yake. Mbele ina miguu miwili, mmoja kushoto na mwingine kulia, na nyuma inabebwa na propela. Ikikolea mwendo inagusa maji sehemu hizo tatu tu, tena propela yenyewe nusu iko majini na nusu iko hewani. Hewa inaingia chini ya tumbo na kuinyanyua. Ndiyo maana zile za mashindano, pamoja na udogo wake, zinavuka kilomita 100 kwa saa.

Hewa hiyo hiyo ndiyo inayoziua. Pua ikinyanyuka kupita kiasi, boti inapaa na kupinduka. Hata zile kubwa zenye dereva ndani hazikwepi. Mwingereza Donald Campbell alifariki Januari 4, 1967 kwenye ziwa Coniston wakati boti yake ya Bluebird K7 iliponyanyuka na kupinduka akisaka kuvuka maili 300 kwa saa. Ya remoti haiui dereva, lakini inaua bajeti.

Wenye mapenzi mazito na mchezo huu ni Wamarekani, hasa watu wa Seattle. Mji ule umekuwa ukishindanisha haidropleni kubwa kwenye Ziwa Washington tangu 1951. SuperSonics ya kikapu ilikuja 1967 na Seahawks ya soka la Kimarekani 1976. Maana yake kuna kizazi kizima ambacho boti hizi ndizo zilikuwa Simba na Yanga yao. Haishangazi kwamba leo mji huo una watu wanaojenga mifano ya boti zile zile, kila kitu kikiwa moja ya nane ya ukubwa halisi, na kuishindanisha kwa remoti.

Sheria za mbio nazo zina utamu wake. Injini hizi hazina klachi wala breki. Ikiwaka, propela inazunguka hapo hapo, kwa hiyo boti haziwezi kusubiri kipyenga zikiwa zimesimama. Zinatupwa majini, zinazunguka huku saa ikihesabu kurudi nyuma, kisha kila dereva anapiga hesabu avuke mstari saa ikigonga sifuri. Ukivuka mapema umekula adhabu. Ni kama ofsaidi, straika anatakiwa aondoke pamoja na pasi, asiitangulie.

Ikizima katikati ya bwawa haiwaki tena kwa remoti. Mbio zako zimeisha, unasubiri mtumbwi wa kwenda kuiokota. Na huwezi kuwa peke yako. Unahitaji mtu wa kukusaidia kuwasha, kuitupa majini, kisha kusimama pembeni yako na kukwambia nani anakuja nyuma. Dogo alidhani ananunua mchezo wa mtu mmoja. Huu ni mchezo wa timu.

NITRO AU PETROLI

Hapa ndipo usajili unapoanza. Boti za mafuta ziko kambi mbili.

Kambi ya kwanza ni nitro. Mafuta yake ni mchanganyiko wa methanoli, oili na nitromethani. Injini ni ndogo na hupangwa kwa ujazo. Madaraja yanayosikika zaidi ni 3.5cc, 7.5cc na 11cc, na zile boti za Seattle za moja ya nane zinatumia 11cc. Injini ya nitro ni nyepesi na ina kasi ya ajabu, lakini ina tabia za namba kumi mwenye kipaji. Leo anakupa hat-triki, kesho hali ya hewa imebadilika kidogo na hachezi kabisa. Sindano ya kabureta lazima irekebishwe mara kwa mara. Ukibana mafuta sana inachemka na kuharibika, ukifungulia sana inazima. Na mafuta yake hayauzwi kituo cha mafuta.

Kambi ya pili ni petroli. Hapa injini maarufu zina kama 26cc na ni ndugu wa zile za mashine za kukatia majani. Jina kubwa ni Zenoah ya Japani. Ni injini ya mapigo mawili, unachanganya petroli na oili. Mvuvi yeyote wa Feri au Mwanza mwenye mashine ya zamani ya boti anajua somo hilo bila kufundishwa. Boti yake ni kubwa na nzito zaidi, na kuinunua ni ghali mwanzoni. Lakini ikisharekebishwa haina makuu, na mafuta yake yapo kila kona. Huyu ni kiungo mkabaji. Hatengenezewi video za mbwembwe, ila kila wiki yupo uwanjani.

SHERIA ILIYOBADILI MECHI

Ile boti ya kwenye video ilikuwa ya nitro na ilikuwa Marekani. Kule wakimbiaji wanatumia mafuta yenye nitromethani asilimia 50, wengine hata 60, na nguvu ya injini zao imepangwa kwa mafuta hayo.

Hamburg siyo Marekani. Umoja wa Ulaya una kanuni namba 2019/1148 iliyoanza kutumika Februari 1, 2021. Kanuni hiyo inahusu kemikali zinazoweza kutumiwa kutengeneza milipuko, na nitromethani imo kwenye orodha. Mwananchi wa kawaida haruhusiwi kununua wala kukaa na mchanganyiko wenye zaidi ya asilimia 16 bila kibali. Tena kila nchi inaamua yenyewe kama itatoa vibali au haitatoa kabisa.

Walengwa wa sheria hiyo ni watengeneza mabomu, siyo watu wa boti. Lakini ukikata mbao, vumbi linamfikia na asiyeshika msumeno. Anayekimbiza nitro Ulaya sasa anajipanga upya kwa mafuta mepesi zaidi. Inawezekana, lakini injini iliyowekwa sawa kwa asilimia 60 huwezi kuijazia 16 ukategemea mambo yale yale. Mgandamizo, plagi, ekzosi na propela vyote vinahitaji kuangaliwa upya. Hiyo ni kazi ya fundi mzoefu, siyo ya mtu anayenunua boti yake ya kwanza.

Kwa hiyo dogo angelipa pesa zote, boti ingefika mlangoni, halafu angegundua kwamba chakula chake hakiruhusiwi ndani ya nyumba. Huo ndio usajili wa straika anayesubiri krosi kwenye timu isiyo na winga.

BWAWA NDIYO LIGI

Kuna kikwazo cha pili ambacho hakionekani kwenye video, nacho ni kelele. Boti hizi zinalia, na mabwawa mengi yaliyo karibu na makazi hayaruhusu injini za mafuta. Wakati huo huo boti za umeme zimekuwa na kasi kubwa na hazimsumbui jirani. Ndiyo maana klabu nyingi zina madaraja ya umeme, na baadhi zimeachana na mafuta.

Hapo ndipo nilipomwambia dogo abadilishe mpangilio wa maswali. Yeye alianza na boti, kisha injini, kisha mafuta, na bwawa alikuwa hajaliwaza. Atakiwa aanze kinyume. Kwanza, ni bwawa gani naweza kufika kila wikiendi linaloruhusu mafuta? Pili, watu wa pale wanakimbiza daraja gani? Kama wote wana petroli na wewe una nitro, hutapata hata mtu wa kushindana naye. Tatu, mafuta yake yanapatikana kihalali? Boti inakuja mwisho.

Ndiyo maana jibu haliwezi kuwa moja kwa kila mtu. Binamu huyu angekuwa Seattle, ningemwambia aingie nitro bila kuogopa, kwa sababu mafuta yapo, mafundi wapo na wapinzani wapo. Kwa Hamburg, mimi nasema petroli. Hata akipata bwawa linalokimbiza nitro ya 3.5cc kwa mafuta halali, ambayo ni boti ndogo na rahisi kubeba kwenye treni, asianze nayo mpaka apate mzee wa kumfundisha kusikiliza ile injini.

Na kama klabu itamwambia aanze na boti ya tumbo la V kabla ya haidropleni, asione amepelekwa timu B. Tumbo la V linavumilia mawimbi na makosa. Haidropleni inataka maji yaliyotulia na kidole chenye adabu.

BOTI ILIYOTUMIKA SIYO AIBU

Ukijumlisha boti, injini, remoti na vifaa vyake, hesabu ya boti mpya ya petroli inavuka dola 1,000 kirahisi. Kwa hiyo ya kwanza ningeitafuta mkononi mwa mwanachama anayepanda daraja au kubadilisha mashine. Huyo atakuuzia na siri zake, yaani propela ipi inaikubali na sindano inakaa wapi.

Ila usinunue kwa picha. Omba aiwashe na aikimbize mbele yako. Vuta nje ule waya wa kusokotwa unaozungusha propela uone kama nyuzi zake zimeanza kukatika. Kagua mbao za ndani kama zimelowa na kuvimba. Hakikisha kuna povu la kuifanya ielee ikipinduka. Mwisho, zima remoti boti ikiwa imeshikwa vizuri na injini inanguruma taratibu, uone kama inajifunga mafuta yenyewe. Kama haijifungi, siku mawasiliano yakikatika utakuwa na kilo kadhaa za mashine na propela yenye makali vinakimbia bila mwenyewe kuelekea kwa watu. Hapo hakuna VAR.

Nilimtumia haya yote kwa sauti, dakika kumi na moja. Alinuna siku mbili. Juzi Jumapili akaniandikia kwamba alipanda treni na kufika kwenye bwawa moja nje ya mji, mikono mitupu. Walimpa kazi ya kushika boti ya mzee mmoja na kuitupa majini. Boti ikamaliza ya nne kati ya tano, na yeye alirudi nyumbani amelowa mpaka magotini.

Pesa yake bado iko benki. Wiki ijayo wamemwambia aje na mabuti ya mpira.