Bakhresa awafuate watoto wa Pemba

Na Hamad Faki

Siku ya boti, pale Mkoani, Pemba, abiria wanateremka kwenye boti ya Azam na wachukuzi wanapakua viroba vya unga wa Azam. Usiku, vijana wa Chake Chake wanabanana kibandani kutazama ligi kwa king'amuzi cha Azam. Zote hizo ni mali za Said Salim Bakhresa, Mzanzibari aliyezaliwa 1949, akaacha shule na miaka 14, akaanzia kwenye mkahawa mdogo.

Wengine wanausifu utajiri wake. Mimi nasifu alivyouendea mpira. Azam FC ilianzishwa 2004, ikapanda Ligi Kuu 2008, na msimu wa 2013/14 ikachukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja. Tena ilijenga uwanja wake, Chamazi. Yanga, klabu ya tangu 1935 yenye mashabiki nchi nzima, msimu wa 2023/24 iliufanya uwanja huohuo kuwa wa nyumbani. Hapo ndipo unapomjua mtu aliyeweka msingi kabla ya kelele.

Televisheni yake ilianza 2013. Mwaka 2021 ikatia saini na TFF, shirikisho la soka nchini, mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wa shilingi bilioni 225.6. Wapo wanaolalamika kwamba mwenye timu asiwe pia mwenye kamera. Hoja hiyo ina uzito, na TFF isiipuuze. Lakini tangu ubingwa ule wa 2014 miaka ilipita mingi Azam FC ikiwaangalia Simba na Yanga wakipokezana kombe. Kamera hazikuisaidia.

Sasa nizungumze la kwetu. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa kwenye uwanja wetu wa Gombani, na Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali. Mpira Pemba upo. Kinachomkwaza mtoto wa Micheweni ni bahari: atafute nauli, apate jamaa wa kumlaza Dar es Salaam, amtulize mama asiyetaka kumwachia, yote hayo kwa majaribio ya siku moja.

Bakhresa boti anazo, na walimu wa akademia anao Chamazi. Awalete Gombani kila likizo ya shule, wakae wiki nzima, wawachague watoto wa miaka 13 na 14 wazazi wao wakiwa jukwaani.