Damu Yenye Mundu

Mtoto akiugua selimundu, wengine humtafuta mchawi, au baba humlaumu mama peke yake. Sivyo. Chembe hiyo ya urithi hutoka kwa wazazi wote wawili, nao mara nyingi ni wazima. Hapo kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Hata vijidudu wa kwenye ndizi mbivu huficha ubaya namna hiyo.

Mbona haujatoweka? Mwaka 1954 Daktari Anthony Allison alionyesha kwamba mwenye chembe moja tu hukingwa na malaria kali.

Basi, wachumba wa Mwanga, kabla ya kuja kuandikisha ndoa, pimeni damu. Nanyi wazazi, acheni ugomvi. Mpelekeni mtoto hospitali.