Maneno ya Nesi, Sehemu ya 6: Mzani wa kliniki hausomi lebo ya nguo

Leo naongelea mitumba ya watoto. Msimamo wangu nautoa mapema: kumvalisha mtoto mtumba safi si aibu. Aibu tunayojibebesha ndiyo inayotugharimu, kuliko hata bei ya nguo.

Kwa nini nesi anaongelea nguo? Kwa sababu wapo akina mama wanaochelewesha kliniki eti mtoto hana nguo ya kutokea. Ukimuuliza kwa nini chanjo ya wiki ya 10 inakuja wiki ya 16, kwanza atakwambia alisafiri. Mkishazoeana ndipo anasema ukweli: alikuwa anasubiri baba mtoto apate hela anunue nguo mpya, maana kwenye lile benchi wanawake wanaangaliana kuanzia kofia ya mtoto mpaka soksi.

Hii inaniuma jamani. Chanjo ni bure, na ratiba yetu haijifichi: akizaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, halafu surua-rubela miezi 9 na miezi 18. Anayechelewa anakaa bila kinga kamili ya kifaduro, nimonia na kuhara kwenye umri ule ule ambao magonjwa hayo ni hatari zaidi. Yote hayo kwa ajili ya gauni!

Na ukifika kwenye mzani, neno la kwanza tunalokwambia ni lipi? "Mama, mvue nguo." Lile gauni ulilokopea linaishia begani kwako. Sisi tunaangalia kadi, tunaona mstari unapanda au unashuka. Mzani haujui nguo imetoka dukani au Karume.

Manesi wenzangu, na sisi tuambiane. Ukimwambia mama mbele za watu, "Hivi huyu mtoto umemvalisha nini?", unaweza kumpoteza miezi miwili. Kama nguo ni chafu, hayo ni mazungumzo ya pembeni, kwa upole. Nguo kuukuu si kosa la mtu.

Sasa tupige hesabu. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 kwa kawaida anafika kilo 6 kwenye mwezi wa tano hivi, na akitimiza mwaka anakaribia kilo 9. Urefu unatoka kama sentimita 50 kwenda 75. Ndani ya huo mwaka mmoja anapita saizi ya 0–3, 3–6, 6–9 na 9–12. Ile ya kwanza kabisa kaivaa mara ngapi? Wengine haifiki wiki sita. Ndiyo maana mitumba ya watoto wachanga mara nyingi iko vizuri kuliko ya wakubwa. Mwenyewe wa kwanza hakuichakaza, ilimbana tu.

Tuseme umetenga shilingi 60,000. Kwenye turubai la chini, zile za kuchagua, ukipata vipande 12 kwa wastani wa 1,500, umetumia 18,000. Bado una 42,000 mkononi. Hiyo ndiyo bajaji ya saa nane usiku uchungu ukianza, ndiyo mayai na mboga za mama anayenyonyesha, ndiyo hela ya dharura mtoto akichemka ghafla. Kila soko lina bei yake, Manzese si sawa na Memorial ya Moshi wala Mlango Mmoja wa Mwanza, na nguo za kwenye henga ni ghali kuliko za chini. Lakini hesabu inabaki ile ile.

Na kuna hela nyingine tunaiacha kabatini. Nguo zikishambana mtoto, usizirundike kwenye begi zipate ukungu. Ongea na muuza mitumba unayemwamini, mpe kwa mali kauli: yeye anaziuza pamoja na zake, zikiisha anakupa chako kwa bei mliyokubaliana. Hesabuni vipande mkiwa wawili, andikeni kwenye daftari, mpange na siku ya kuonana. Au fanyeni kikundi cha mama wanne watano wa mtaa mmoja, watoto wamepishana miezi michache, nguo zizunguke. Zamani ndivyo tulivyolelewa, nguo ya kaka inamngoja mdogo wake.

Sasa niseme kama nesi. Mtumba ni mzuri ukiwa umeandaliwa. Usimvalishe mtoto siku ile ile uliyotoka nayo sokoni. Fuata haya:

1. Loweka, fua kwa sabuni, suuza mpaka maji yawe meupe. Ikiwezekana maji ya moto. Anika kwenye kamba juani, si kwenye majani wala ardhini.

2. Piga pasi pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Kuna nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi, funza wake wanaingia kwenye ngozi ya mtoto na kutoa uvimbe kama jipu. Pasi inawaua. Hili hata kwa nguo mpya uliyoifua linahusika.

3. Nguo usiyoweza kufua kwa maji ya moto ifunge kwenye mfuko wiki nzima kabla ya kuifua. Vijidudu vya upele havidumu muda huo bila ngozi ya mtu.

4. Inuse. Ikiwa na harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo na mende kabatini, iache. Kuna watoto wanazaliwa na upungufu wa kitu mwilini kinaitwa G6PD, na kwenye maeneo yetu ya malaria si wachache. Kwao ile dawa inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu na kuleta manjano makali. Nguo za mtoto usizihifadhi nayo kabisa, hata ziwe mpya.

5. Kata kamba zote za shingoni na kwenye kofia, zinaweza kumnyonga. Vuta kila kifungo, kikilegea kitoe, maana kitaishia mdomoni. Geuza soksi ndani nje ukate nyuzi, uzi ukizunguka kidole cha mtoto unaweza kuzuia damu.

6. Chupi nunua mpya. TBS imepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, na hapo niko upande wao. Viatu, mtoto ambaye hajaanza kutembea havihitaji. Soksi inamtosha.

Najua kuna mama mkwe anasoma hapa. Mama, shikamoo. Najua unasema mjukuu wako hawezi kuvaa nguo ya mtoto asiyejulikana. Wazee wetu waliiita kafa ulaya, kwamba mwenyewe kafa ndiyo maana imefika huku. Hofu hiyo naiheshimu. Ila nguo nyingi za watoto zinatolewa kwa sababu moja tu, mtoto kakua. Na kama moyo bado unakataa, mnunulie mjukuu nguo moja mpya ya arobaini, apigwe picha, apendeze. Hizo nyingine 11 za kuchafua na maziwa na kinyesi mwache mkweo akachague anapoweza.

Na wewe dada unayepiga picha begi la kujifungulia na kuliweka mtandaoni, pendeza, sikukatazi. Wenye uwezo nunueni, hela ni yenu. Ila ukimwona mwenzio kwenye benchi mtoto wake kavaa flana iliyopauka, msogelee mkae. Msifie mtoto alivyonona. Hapo umemsaidia arudi mwezi ujao, na sisi tunachotaka ni arudi.

Mtoto mchanga anataka joto, usafi, ziwa na chanjo kwa wakati. Kama tarehe ya kwenye kadi imeshapita, njoo kesho na nguo aliyonayo. Tutamvua tu.

Mtumie hii mjamzito mmoja kabla hajaenda kununua vitu. Sehemu ya 7 tutaongelea ile kadi: mistari yake inasomwaje, na lini ushtuke.

Nesi wenu.