Pwani ni ya Nani? Mjadala wa Ufuo wa Diani na Haki ya Umma

Mwanafunzi yeyote wa isimu aweza kuichambua nomino "pwani" bila taabu. Shina lake ni kitenzi "pwa", yaani maji ya bahari kurudi nyuma, nacho kimeambikwa kiambishi cha mahali "-ni". Pwani basi ni pale maji yanapopwa: mahali panapofunikwa na bahari na kufunuliwa mara mbili kwa siku, pasipofaa kujengwa nyumba wala kupandwa mnazi. Waliopapa mahali hapo jina hawakutumia jina la mwenye mali. Walitumia tendo la maji. Huko Diani, katika Kaunti ya Kwale, maana hii ya kale imegeuka kuwa hoja ya mabishano: pwani ni ya nani, na ni nani mwenye haki ya kuitumia?

Mabishano haya hayakuzuka bure. Diani imejaliwa mwamba wa matumbawe unaoyavunja mawimbi ya bahari kuu, hivyo kwamba baina ya mwamba na mchanga hubaki maji matulivu yasiyo na kina kirefu. Maji hayo ndiyo yanayohitajiwa na wote. Mvuvi wa Kidigo huyapitia na ngalawa yake akienda kutega dema. Mtoto wa Ukunda hujifunzia humo kuogelea. Vilabu vya michezo ya majini navyo huyafuata, hasa vya mchezo wa kuteleza juu ya ubao unaovutwa na tiara kubwa, kwa sababu pepo za kusi na kaskazi huvuma hapo kwa majira yanayojulikana. Nchi kavu nako, hoteli na nyumba za kifahari zimejipanga baina ya barabara na bahari, hata mwenyeji anayetoka mitaani hulazimika kutafuta mojawapo ya njia chache zilizosalia ili afike ufuoni.

Wanaotetea vilabu wana hoja ambazo si haki kuzipuuza. Michezo huwavutia wageni, na wageni huleta fedha. Kijana mwenyeji aliyezaliwa karibu na bahari aweza kuajiriwa kuwa mwalimu wa mchezo, mwokoaji au nahodha wa mashua. Tena tiara huendeshwa na upepo, haichomi mafuta. Watetezi hawa hupenda kukumbusha kwamba wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni kweli. Lakini methali hiyo humtaka mwenyeji apone, haimtaki ahame.

Kwa mvuvi, ufuo si mandhari. Ufuo ni diko, mahali anaposhusha samaki, anaposhona nyavu na anapovipandisha vyombo wakati kusi inapochafuka. Diko likizibwa, haathiriki yeye peke yake. Wapo akina mama karanga, wanaonunua samaki ufuoni, wakawakaanga na kuwauza mitaani. Mtaji wa mama hawa ni mdogo, nao hawana uwezo wa kumfuata mvuvi aliyehamia mbali. Mashua ya injini ikikata kamba ya dema, au nafasi ya kupandishia ngalawa ikijazwa mbao na viti, hasara hiyo hufika hadi kwenye sufuria ya nyumba isiyoonekana kutoka baharini. Yafaa pia kukumbuka mwezi wa Machi mwaka 2020, safari za ndege za kimataifa ziliposimamishwa nchini kwa sababu ya Uviko-19 na hoteli nyingi zikafunga milango. Aliyetegemea wageni peke yao alitambua siku hizo thamani ya kuwa na njia ya kwenda baharini.

Je, sheria yasemaje? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya kikomo cha maji kujaa na kikomo cha maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Ardhi hiyo imewekwa mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na usimamizi wake ni wa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Yaani Katiba imekubaliana na mofolojia: pwani haina mwenyewe isipokuwa umma. Hukumu hiyo haimbagui yeyote. Hoteli haiimiliki pwani, kilabu hakiimiliki, na mvuvi naye haimiliki, ijapokuwa babu zake waliitumia kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Wengi hujadili kana kwamba swali ni la michezo kuruhusiwa au kupigwa marufuku. Swali hasa ni hili: matumizi hugeuka lini kuwa umiliki? Anayeteleza juu ya maji kwa saa moja, kisha akakunja tiara yake akaenda zake, ametumia mali ya umma kama mtu mwingine. Anayesimika bendera, akafunga kamba, akajenga banda la vifaa na kumweka mlinzi wa kuwauliza wapita njia waendako, huyo ameanza kumiliki, hata kama hana hati. Bandu bandu humaliza gogo. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma nchini ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria.

Hata hivyo, amri kutoka juu si dawa. Mwaka 1995 serikali ilitangaza katika gazeti rasmi hifadhi ya bahari ya Diani-Chale. Wavuvi waliipinga, wakihofia kufungiwa maeneo yao ya kuvulia, na hifadhi hiyo ikabaki kwenye karatasi. Nia ya kuyalinda matumbawe haikuwa mbaya. Kilichokosekana ni ridhaa ya wale ambao maisha yao yangebadilika.

Mfano bora uko karibu. Kaya Kinondo ni msitu mtakatifu ulioko kusini tu mwa Diani, na ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizoorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Wazee wa Kaya hawakumfukuza mgeni, wala hawakumwachia msitu. Mgeni huingia akiwa amejifunga kitambaa cheusi, hufuata njia aliyoonyeshwa, na huheshimu miiko aliyoelezwa. Kama msitu wa mizimu waweza kutumiwa kwa masharti yaliyowekwa na wenyeji, ufuo utashindwaje?

Masharti ya ufuo si magumu kuyawaza. Njia zote za umma zipimwe, ziandikwe majina na ziachwe wazi. Madiko yawekewe mipaka ambamo hakuna atakayehifadhi vifaa vya mchezo. Vilabu vipewe mikondo na saa zao kwa kufuata bamvua na maji mafu, mambo ambayo mvuvi anayajua kuliko kalenda. Vikundi vya usimamizi wa fuo, maarufu kwa kifupi BMU, vilivyowekewa kanuni mwaka 2007, vikae meza moja na vilabu, hoteli na serikali ya kaunti, na akina mama karanga wasiachwe nje ya mlango.

Mazungumzo hayo nayo yaendeshwe kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ilani isiyosomeka kwa mwenye diko haijamshirikisha, hata ikiwa na mhuri. Hapa wasomi wa Kiswahili wana kazi ya kufanya: kuzitafsiri ramani, kanuni na ripoti za mazingira ziwe katika lugha ambayo mvuvi aweza kuitumia kuuliza na kubisha. Msamiati wa kazi hiyo upo tayari, na wenye kuuhifadhi ni wavuvi wenyewe.

Wahenga walinena kwamba maji yakijaa hupwa. Yapwapo pale Diani, yanapaacha mahali peupe pasipo ukuta wala lango. Pabaki hivyo, na kila apitaye apate pa kukanyaga.