Mbunge wa Urambo na Hesabu ya Kuni

Kila uchaguzi unapokaribia, mgombea afikaye Usoke huulizwa ataleta nini: nguzo za umeme, bati za zahanati au jezi za vijana. Swali hilo linatudhalilisha. Kazi kuu ya mbunge si kugawa hazina. Ana sheria, maswali na kura ya bajeti, na Ibara ya 63 ya Katiba imelipa Bunge madaraka ya kuisimamia Serikali kwa niaba yetu.

Isisemwe kwamba madaraka hayo ni ya karatasini. Samuel Sitta, mbunge wa Urambo Mashariki, ndiye aliyekuwa Spika wakati Kamati Teule ya Harrison Mwakyembe ilipochunguza mkataba wa Richmond wa megawati 100 za umeme wa dharura. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Bunge lilipoamua kuuliza, Serikali ililazimika kujibu.

Nani basi ameuliza kwa ukali huo kuhusu nishati inayoendesha uchumi wa Usoke yenyewe? Nishati hiyo ni mti. Tumbaku ya mvuke, iliyoshika mizizi Urambo baada ya mpango wa karanga wa Waingereza kuanguka, hukaushwa mabanini kwa moto wa kuni, usiku na mchana, siku kadhaa mfululizo. Miombo ya karibu ikiisha, shoka huenda mbali zaidi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waifikie nishati hiyo ifikapo 2034. Lengo ni jema, ila ni la jikoni.

Na anayekesha akichochea moto wa bani ni kibarua wa msimu, ambaye mara nyingi husubiri tumbaku iuzwe ndipo apewe chake. Julai 2025 kima cha chini cha watumishi wa umma kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, nasi tulio kwenye orodha hiyo tukashangilia. Sekta binafsi nayo ina amri ya mishahara itolewayo na Waziri. Lakini amri isiyofuatwa na mkagua kazi hadi shambani haimlindi mtu. Mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 alipatana ujira wake kabla ya kujitwisha pembe. Kibarua wa leo hujitwisha kwanza.

Wapo watakaosema tumbaku inaleta fedha za kigeni. Ni kweli, na ndiyo sababu wakulima wasiachwe wabebe lawama peke yao. Bei ya kilo isiyohesabu gharama ya kupanda mti mwingine wala ujira halali wa kibarua humpa nafuu mnunuzi na kumwachia Usoke deni.

Mbunge wa Urambo amtake Waziri wa Kilimo aeleze bungeni jinsi gharama hizo mbili zinavyoingizwa katika bei ya kila msimu. Amtake Waziri mwenye dhamana ya kazi aeleze ni mashamba mangapi yamekaguliwa. Asipojibiwa, ana kura ya bajeti. Wanafunzi na watumishi wa wilaya, mpeni takwimu, kisha fuatilieni Hansard.