Daftari la Wiki: Nduthi Isiyo na Mwenyewe

Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei ya mafuta, na kufikia asubuhi ya tarehe 15 steji yetu ya bodaboda hapa Endarasha, Kieni, huwa imeshapiga hesabu zake. Bei ikipanda, nauli haipandi siku hiyohiyo, kwa sababu mteja ni jirani, na jirani anakumbuka vizuri alilipa ngapi juzi. Kinachobadilika ni namna ya kuteremka. Kijana akifika kileleni anaweka nyutro, anazima injini, na pikipiki inashuka kimya hadi darajani na abiria wake nyuma.

Wiki hii nilimuuliza mmoja wao anaokoa nini hasa. "Mzee, hiyo ni chapati ya saa nne," akanijibu, na chai yake ilikuwa mezani kama ushahidi.

Sitamnyima mtu chapati, lakini hesabu yenyewe haikai sawa. Ukiteremka ukiwa kwenye gia na umefunga mafuta, injini inakunywa kidogo sana, karibu kiasi kilekile inachokunywa ikinguruma pale stejini ikisubiri mteja. Wakati huohuo injini hiyo inakuzuia, inafanya sehemu ya kazi ya breki bila malipo. Ukiitoa kwenye gia, kazi yote inaangukia breki, na nduthi zetu nyingi zina breki za dramu. Dramu ikishikwa mteremko mzima hupata joto na kupanuka, pedi nazo hupoteza mshiko, na pale chini penye kona unakanyaga pedali inazama bila kitu. Tena mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama tangu ushike breki huwa mara nne, si mara mbili. Chapati hiyo ni ghali.

Kuna na hili la breki ya mbele. Vijana wengi huku hawaigusi, eti itawarusha. Itakurusha ukiikaba ghafla kwenye kokoto au ukiwa umepinda usukani. Kwenye lami kavu, ukiwa umenyooka, ndiyo inayosimamisha pikipiki, maana uzito mwingi unasogea mbele ukifunga breki na gurudumu la nyuma linabaki jepesi. Ishike taratibu, kisha ongeza. Nenda kiwanja cha shule siku ya Jumapili ujizoeze, usingoje ng'ombe akufundishe.

*

Jumatano nilikaa kwa fundi wa sokoni nikingoja tyubu izibwe. Mbele yangu alikuwa na nduthi ya mkulima mmoja wa upande wa msituni. Alifungua plagi akaigeuza kwenye mwanga: nyeusi tititi, imejaa masizi. "Hii inakunywa sana, haipumui," akasema. Dawa yake ilikuwa ya haraka. Alichomoa kichungi cha hewa, akakiweka juu ya debe, akafunga kifuniko kikiwa kitupu. Pikipiki ikanguruma vizuri kweli. Mkulima akalipa, akaondoka amefurahi.

Ugonjwa fundi aliuona sawasawa. Endarasha iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Kabureta haina habari na mlima. Jeti yake ilitobolewa kiwandani kwa kipimo kimoja, nayo inaendelea kumwaga petroli kwa kipimo hichohicho huku hewa imepungua. Petroli haiungui yote, masizi yanaganda kwenye plagi, nguvu inashuka, na mwenye pikipiki analalamika kwamba nduthi ya binamu yake wa Mombasa inapanda milima na yake haipandi.

Tiba ndiyo iliyonikera. Fundi anayejua atarekebisha skrubu ya hewa, au ataweka jeti ndogo kidogo, na kabla ya yote hayo ataangalia kama choki imesahaulika imevutwa tangu asubuhi ya baridi. Hilo la choki wewe mwenyewe unaweza kuliangalia sasa hivi, bila spana. Lakini injini haiendeshwi kamwe bila kichungi. Vumbi la Kieni wakati wa kiangazi ni laini kuliko unga, na likiingia kwenye injini linafanya kazi ya msasa kwenye ringi za pistoni. Miezi michache baadaye oili inaanza kupanda juu na kuungua, na kilichookolewa kwa fundi kinalipwa kwa pistoni mpya.

Kukisafisha ni kazi ya dakika chache. Kama ni cha sponji, kioshe kwa maji ya sabuni, kikamue bila kukisokota, kikaushe kivulini, kitie oili safi kidogo, kikamue tena, kirudishe. Kama ni cha karatasi hakioshwi. Kigonge vumbi litoke, na kikichoka nunua kingine.

Na kwa kuwa tuko kwenye moshi: mweusi ni petroli iliyozidi, wa bluu ni oili inayoungua. Ule mweupe unaouona saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umelala hadi kwenye paa za mabati, ni mvuke tu. Utaisha injini ikipata moto. Usimpe mtu yeyote pesa zako kwa ajili ya huo.

*

Pikipiki nyingi za steji zetu haziendeshwi na wenyewe. Mwenyewe ni mwalimu mahali fulani, au askari, au mama mwenye duka Nyeri mjini, au kijana wa hapa aliyepata kazi Nairobi. Anayeiendesha anapeleka hesabu kila jioni kwa M-Pesa, na kinachobaki ndicho chake. Akichoka, anamwachia mwenzake skwodi, zamu ya saa mbili tatu. Kwa hiyo anayeiendesha halipii cheni, na anayepaswa kuilipia cheni hajaiona tangu siku aliyoinunua.

Ndiyo sababu naandika juu ya cheni leo. Ukipita stejini, usiangalie stika wala redio. Inama uangalie cheni. Ishike katikati, upande wa chini, uisukume juu na chini kwa kidole. Mchezo wake uwe kama sentimita mbili na nusu au tatu, au vile kitabu cha pikipiki yako kinavyosema. Zungusha gurudumu upime tena mahali pengine, kwa sababu cheni haichakai sawasawa. Ikining'inia sana inaweza kuruka kwenye spoketi na kukaba gurudumu la nyuma ukiwa mbioni. Ikikazwa sana, siku utakayopakia mzigo itavutika hadi iharibu beringi.

Kisha ivute kwa nyuma, pale inapozunguka spoketi kubwa. Ikiachana na spoketi hadi ukaona nusu ya jino, imekwisha. Ukikuta meno yenyewe yamepinda ncha upande mmoja, badilisha yote pamoja, cheni na spoketi mbili, kwa sababu cheni mpya kwenye spoketi kuukuu haidumu. Ukilegeza nati ya ekseli ili uikaze cheni, hesabu zile alama za kila upande zilingane, la sivyo gurudumu litakaa upande na tairi litaliwa kabla ya wakati.

Kuhusu oili chafu ya injini ambayo kila mtu huku anaimwagia cheni: ni bora kuliko ukavu, basi. Inashika vumbi na kulibandika. Oili ya gia, matone machache upande wa ndani, jioni cheni ikiwa bado na joto, inatosha. Ukimwaga nyingi utaiona kwenye suruali.

Na zile breki za dramu: kando ya dramu, pikipiki nyingi zina mshale mdogo na alama. Kanyaga breki uutazame mshale. Ukivuka alama, pedi zimekwisha, na kuendelea kukaza ile nati ya nyuma ni kujidanganya. Nimeona nati zilizokazwa hadi nyuzi zikaisha.

*

Tuje kwenye mzigo. Kanuni za viazi za mwaka wa 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kiasi, haijasoma kanuni hizo. Wiki nzima yameteremka magunia yenye vilemba, mawili kwenye pikipiki moja, na kijana amekalia tangi la mafuta kwa kukosa nafasi.

Ubaya si uzito peke yake, ni pale uzito unapokaa. Mzigo ukipita nyuma ya ekseli unainua gurudumu la mbele, na usukani unakuwa mwepesi mno, unauona kabisa ukicheza mikononi mwa mtu. Mzigo ukae karibu na dereva na chini iwezekanavyo. Tairi la nyuma liongezwe upepo kabla ya kupakia, na upunguzwe baadaye, maana tairi lililojaa sana bila mzigo linarukaruka kwenye mashimo.

Watu wa maziwa wana shida yao. Mtungi uliojaa umetulia, na mtupu umetulia, lakini ule wa nusu unayumba na maziwa yake kila kona. Mama mmoja mwenye ng'ombe watatu aliniambia yeye hakubali nusu mtungi iondoke kwake: anaongeza ya jirani ujae, kisha wanagawana pesa. Sijui kama alifikiria kona au alifikiria nauli, lakini amepatia vyote viwili.

*

Mambo mafupi ya baridi. Jaketi linalovaliwa kinyume, zipu mgongoni, linazuia upepo kweli, ila ukianguka hakuna atakayelivua haraka, na kola yake inapanda shingoni. Glovu ni bora kuliko jaketi la pili: vidole vilivyokufa ganzi havivuti breki. Mwavuli uliofungwa kwenye usukani uende ukauzwe.

Kuhusu usiku, wazee wanakumbuka walivyoogopa tembo wa Aberdare. Ua wa umeme wa kilomita 400 hivi ulikamilika mwaka wa 2009 na tembo wengi wamebaki msituni. Aliyebaki barabarani ni punda, rangi ya lami, hana riflekta. Taa ya mbele iwake hata mchana, na ile ya nyuma uikague kila jioni uone kama inajibu ukikanyaga breki.

*

Mwezi wa Machi 2022, baada ya mwanamke dereva kushambuliwa na waendesha bodaboda jijini Nairobi, serikali iliamuru wote waandikishwe upya. Barabara yalikotokea hayo ina jina la Profesa Wangari Maathai, mtu wa Nyeri yetu. Kwa muda kila kijana mwenye nduthi alikuwa mshukiwa, kisha mambo yakapoa. Haikuulizwa sana wakati huo pikipiki hizo ni za nani na wenyewe wanafanya nini. Tangu mwaka wa 2008 serikali ilipoondoa kodi kwa pikipiki zisizozidi cc 250, nduthi imekuwa akiba ya watu wenye mshahara, kama ng'ombe alivyokuwa. Tofauti ni kwamba mwenye ng'ombe alikuja kumwona.

Sheria ya Trafiki iko wazi: helmeti mbili, riflekta mbili, abiria mmoja. Helmeti ya dereva ipo, mara nyingi imetundikwa mkononi. Ya pili haipo, au ipo na abiria anaikataa kwa sababu inanuka, na kusema kweli inanuka. Dawa ni kitambaa safi cha kufunga kichwani kwanza. Akina mama wa soko wanacho tayari. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka wa 2008, ulikuta helmeti inapunguza vifo kwa asilimia 42 hivi na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni helmeti iliyofungwa kamba kidevuni. Isiyofungwa huondoka kabla kichwa hakijafika chini. Mwaka wa 2024, kwa hesabu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, watu zaidi ya 4,700 walikufa kwenye barabara za Kenya, na baada ya wanaotembea kwa miguu, waendesha pikipiki ndio waliokuwa wengi.

Basi neno langu wiki hii si la kijana wa steji. Yeye amesikia mahubiri ya kutosha. Ni la mwenye pikipiki aliye mbali, anayesikia simu ikilia ujumbe wa M-Pesa kila jioni. Njoo Endarasha Jumapili moja. Kanyaga breki, vuta cheni, fungua sanduku la kichungi uone kama kuna kitu ndani. Kisha mwachie kijana helmeti ya pili na hesabu ya siku moja kwa mwezi, akanunulie oili.