Njumu, chuma cha kamba, na kijiji cha Cleator

Juma lililopita tulipokutana kwa likelemba yetu, mama mmoja alifika amechelewa, anamshika binti yake mkono. Mtoto alikuwa anachechemea, kifundo cha mguu kimevimba. Tukauliza: ameanguka wapi? Mama akatoa kwenye mfuko viatu vya mpira, vizuri kabisa, vya mitumba, chini vina njumu ndefu za chuma. "Niliona hivi ndivyo vyenye nguvu," akasema. "Nilijinyima ili nivinunue."

Hatukumcheka, maana wengi wetu tungefanya vilevile. Lakini tuliona ni vizuri tuzungumze juu ya jambo hili katika ukurasa wetu, kwa sababu watoto wetu, wavulana na wasichana, wanacheza kila jioni.

Ndani ya kiatu kulikuwa na neno la Kiingereza: cleats. Kijana wa mama mmoja, anayesoma Kiingereza, akatueleza kwamba neno hilo lina maana nyingi. Ni njumu za viatu, zile watoto wetu wanaita krampo kwa Kifaransa. Ni chuma cha kufungia kamba ya boti bandarini. Ni vipande vya mti vinavyopigiliwa juu ya ubao wa kupandia ili mguu usiteleze. Ni kile kibano kinachoshika kiatu cha mwendesha baiskeli wa mashindano kwenye pedali. Hata wachimba makaa ya mawe wanaita hivyo nyufa zilizo ndani ya makaa. Ukiacha hizo nyufa, vyote vina kazi moja: kushika kisichotakiwa kuteleza.

Tuanze na viatu. Njumu ndefu za chuma zilitengenezwa kwa uwanja laini, wenye majani na maji. Huko zinazama katika udongo na kumshika mchezaji. Mwaka 1954, katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Bern, Uswisi, mvua ilinyesha. Fundi wa viatu wa timu ya Ujerumani Magharibi, Adi Dassler, alikuwa na viatu ambavyo njumu zake zinafunguliwa na kubadilishwa, akawawekea wachezaji wake njumu ndefu. Wakawashinda Wahungari 3 kwa 2, wakati Wahungari hao hao walikuwa wamewafunga 8 kwa 3 siku chache mbele. Si viatu peke yake vilivyoshinda, lakini tangu siku hiyo watu wanakumbuka kwamba kiatu kinafuata uwanja.

Sasa viwanja vyetu vikoje? Vingi ni udongo mkavu uliokanyagwa ukawa kama saruji, au mawe meusi ya volkano. Hapo njumu ndefu ya chuma haizami. Mtoto anasimama juu ya ncha tu, kama mtu aliyevaa viatu vya visigino virefu, anageuka kwa mbio, kifundo kinapinda. Ndivyo ilivyomtokea binti yetu.

Kwa hiyo mama ukienda sokoni, angalia mambo haya:

Kwanza, geuza kiatu. Kwa uwanja mgumu chagua njumu fupi na nyingi, za plastiki au mpira. Njumu sita ndefu za chuma ziachie wenye uwanja wa majani.

Pili, pitisha kidole juu ya kila njumu. Kama moja imelika na kubaki na makali, inaweza kumchana mtoto wa mwenzako. Kama moja imepotea, mguu utakaa upande.

Tatu, tusinunue kiatu kikubwa sana kwa kusema "atakikulia". Mguu unaocheza ndani ya kiatu haushikwi na kitu. Nafasi ya unene wa kidole mbele inatosha.

Na kama mtoto amekwisha kuumia, apumzike, mguu uinuliwe juu ya mto, uwekewe kitambaa chenye maji baridi mara kwa mara. Siku za kwanza tusikande kwa maji ya moto wala kuvuta mguu kwa nguvu, vinaongeza uvimbe. Kama hawezi kukanyaga, au mfupa umekaa vibaya, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Sasa tuje ziwani, kwa sababu wengi wetu tunasafiri kwa boti na mizigo ya biashara. Kile chuma cha kamba kina pembe mbili, moja huku na moja huku. Baharia anazungusha kamba chini ya pembe hizo mara moja, kisha anaipitisha juu ya pembe hii na ile kama namba 8, mwisho anaikaza kwa kitanzi. Ikifungwa hivyo, boti ikivuta, kamba inazidi kukaza. Lakini mkono wa mtu unaifungua kwa urahisi.

Kwa nini tunawaambia haya? Kwa sababu tumewaona wamama, mtoto mgongoni na beseni kichwani, wakiruka boti ikiwa bado inacheza. Wimbi moja linasukuma boti, na kati ya boti na ukuta panafunguka nafasi ya kumeza mtu. Tunawaomba: tusishuke kabla kamba haijafungwa mbele na nyuma. Na ubao wa kushukia uwe na vile vipande vya mti vya kushika mguu. Kama hauna, kamati zetu ziongee na wenye boti. Ni vipande vichache vya mbao na misumari, si gharama ya kumshinda mtu.

Yule kijana aliendelea kupekua kamusi yake, akakuta jina linalofanana na neno letu: Cleator. Ni kijiji cha Uingereza, upande wa kaskazini magharibi, katika jimbo la Cumbria. Karibu yake kuna mji mdogo wa Cleator Moor. Watu wa huko walichimba chuma na makaa ya mawe, na watu wengi wa Ireland waliokimbia njaa na umaskini walihamia kufanya kazi katika machimbo hayo, hata mji ukaitwa Ireland Ndogo. Sisi wa Kongo tunajua maisha ya machimbo: watu wanakuja wengi, na madini yakikwisha, kazi inaondoka.

Mwaka 1938 mtu aliyetoka Poland, Jakob Spreiregen, alianzisha Cleator kiwanda cha kofia kiitwacho Kangol. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia kilitengeneza kofia za askari wa Uingereza. Jina lake likaenea dunia nzima, lakini leo kofia hizo hazishonwi tena kijijini pale. Kikundi kinachotegemea kazi moja tu ni kama boti iliyofungwa kamba moja. Basi wenye kushona, tulime pia mboga. Wenye kuuza samaki, tusiache kuweka akiba.

Na mpira nao uko huko. Mlinda mlango Scott Carson alikulia katika timu ya Cleator Moor Celtic. Mwezi wa Novemba 2007, akiwa na miaka 22, alilinda mlango wa Uingereza dhidi ya Croatia, uwanja umelowa mvua. Dakika ya 8 mpira wa mbali ulimponyoka mikononi ukaingia. Uingereza ikashindwa 3 kwa 2, ikakosa kwenda Kombe la Ulaya la 2008. Nchi nzima ilimlaumu. Hakuacha kazi. Mwaka 2023, akiwa mlinda mlango wa akiba wa Manchester City, alikuwa katika kikosi kilichotwaa kombe la klabu bingwa za Ulaya.

Habari hiyo tulimsimulia binti yetu mwenye mguu uliovimba, maana alikuwa analia kwamba hatacheza tena. Mguu unapona. Wamama watatu wamekubali kuchanga kidogo kidogo ili tumtafutie viatu vyenye njumu fupi, na vile vya chuma tutaviuza kwa mtu mwenye uwanja wa majani.

Mwenye viatu vya mtoto vilivyokwisha kuwa vidogo, avilete mkutano ujao. Mungu awalinde, tuonane juma lijalo.